Lia na ya Kwangu

Nilimwonea wivu yule mwanamke kabla sijajua hata anaumwa nini. Siku niliyoletwa hospitali ya Bunia, mama mukwe akinishika mkono na godoro la sponji likiwa kichwani pake, tulikuta kitanda cha dirishani kina mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anacheka. Mgonjwa, anacheka! Amevaa kikwembe kipya, kitenge cha maua ya manjano, na nywele zake zimesukwa vizuri. Mimi nywele zangu nilikuwa nimezifunga kitambaa tangu tulipokimbia shamba letu upande wa Djugu, na chini ya kitambaa kile kulikuwa na nini, Mungu ndiye alijua.

"Karibu, dada," akaniambia. "Hapa kwetu dawa hakuna, lakini risasi tunasikiaka bure."

Chumba kizima kilicheka. Mama mukwe naye alicheka, mpaka godoro likamponyoka. Mimi sikucheka. Tumbo langu lilikuwa limevimba kama la mwanamke anayekaribia kuzaa, na mtoto hamna ndani, na damu ilikuwa inatoka inapotaka yenyewe. Nilijiambia, huyu hana ugonjwa wowote, huyu amekuja kujificha vita.

Kumbe ugonjwa wetu ulikuwa mmoja. Uvimbe tumboni, wake na wangu. Dokta wa kupasua alikuwa amekimbia tangu mapigano ya mwanzo, mafuta ya jenereta yalikuwa yameisha, na aliyebaki kutuangalia alikuwa muganga mmoja mzee, muuguzi wa siku nyingi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitushika matumbo wote wawili asubuhi moja, akatuambia wazi bila kuzunguka.

"Ya kwenu inataka kisu. Hapa kisu haiko. Kwa barabara hamutafika, ya Mahagi imefungwa, ya Mambasa imefungwa. Tutangojea ndege ya misaada. Siku watakubali kubeba mugonjwa, nitawatuma Uganda, wakawapasue kule." Kisha akamwonyesha mwenzangu kwa kidole. "Weye wa dirishani ndiye utaanza. Damu yako inatoka nyingi kuliko ya huyu. Ukikaa sana hapa utakufa."

Hata hapo nikaona wivu. Fikiria wewe mwenyewe: mtu anaambiwa atakufa, na mimi nalalamika rohoni kwamba ananitangulia. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na sitaki kuipaka mafuta. Alikuwa na dirisha, alikuwa na kikwembe, alikuwa na meno mazuri, na sasa hata ndege ilikuwa yake.

Mama mukwe ndiye alikuwa gadi-malade wangu. Ndivyo tunavyomwita ndugu anayelala sakafuni kando ya mgonjwa, anayepika nje kwenye mafiga na kufua nguo za damu, maana hospitali zetu hazipiki wala hazifui. Nisimseme vibaya, alinifulia bila kuchoka. Ila ulimi wake! Kila asubuhi alinikuta nimekunja uso, ananyoosha kidole dirishani. "Angalia mwenzako. Ugonjwa yenu ni moja, lakini yeye anacheka. Weye kila siku aii, aii, kama mbuzi ya kukamatwa na mulango. Mugonjwa wa kulialia anachokesha watu." Nilikuwa nasaga meno. Ukitaka kumjua adui wa mwanamke, mwulize mama mukwe wake anamsifu nani.

Wamama wa kanisa walikuja siku ambazo risasi ziliwaruhusu. Tuliwasikia tangu nje wakiimba, kisha wakaingia na vikwembe vyao vya sare na mabeseni kichwani, mbele yao Mama Pasta, mke wa mchungaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Walisimama katikati ya chumba na kuuliza kila mmoja swali lile lile.

"Uko namna gani?"

Kulikuwa na jibu moja tu lililokubalika. Wa dirishani alilijua kuliko wote. Alikaa, akanyoosha mgongo, akapiga makofi mwenyewe. "Niko muzima! Mungu iko mukubwa!" Wamama wakapiga vigelegele. Mmoja akamwekea samaki wa ziwa, wa kukaangwa, mwingine sombe, majani ya muhogo, yenye mawese, mwingine kipande cha sabuni. Harufu ya samaki yule ilikuja mpaka kitandani kwangu na kukaa.

"Na weye, dada?"

"Naumwa," nikasema. "Tangu asubuhi damu inatoka. Sikulala."

Ungedhani nimetukana. Waliangaliana. Mama Pasta aliinama karibu yangu na kushusha sauti, na sauti yake hata ikishuka ilisikika barazani. "Usiseme hivyo, binti. Maneno huumba. Ukisema naumwa, unauita ugonjwa kwa jina na yeye anaitika. Sema niko muzima."

"Lakini siko muzima, mama."

"Sema tu."

"Nikisema, damu itaacha?"

Mama mukwe alinifinya mguu chini ya shuka. Wamama waliniwekea mikono kichwani wakakemea roho ya manung'uniko, kwa nguvu, mpaka shingo ikaniuma. Baada ya hapo wakaniachia ndizi. Ndizi mbivu, nyeusi kwa nje. Niliila huku nikiangalia mgongo wa samaki wa mwenzangu ukibaki mifupa, na sijui kama nimewahi kuchukia kitu kama nilivyochukia mifupa ile.

Nisidanganye, alinigawia. Aliniita, "Dada, njoo tukule," nami nikasema nimeshiba.

Siku mapigano yalipoingia mjini kabisa, tulilala wote chini ya vitanda, wagonjwa na magadi-malade pamoja, vioo vya chumba cha jirani vinamwagika. Watoto walikuwa wanalia. Kukatulia kidogo, na sauti yake ikatoka chini ya kitanda cha dirishani: "Aka! Nani alifagiaka hapa? Buibui wa hapa chini wako na wajukuu!" Watu walicheka huku wanatetemeka. Mimi mwenyewe nilicheka, sikuweza kujizuia, na wivu ukanipanda zaidi, kwa sababu sasa alikuwa ameniingia mpaka ndani ya kicheko changu. Mimi nilikuwa nimetumia saa zile zote kujikojolea.

Basi Mama Pasta akaamua kwamba mwanamke wa imani kama ile atoe ushuhuda.

Kwenu sijui, lakini kanisani kwetu wakati ule ushuhuda haukungoja kupona. Ulitangulia. Unasimama mbele ya watu unasema nimepona, ukiwa bado unaumwa, kama mtu anayetandika kitanda kabla mgeni hajafika, na uzima unasikia umeitwa unakuja. Shida yake ni hii: ukishasema, hurudi nyuma. Ukirudi ukasema bado naumwa, umemfanya Mungu mwongo mbele ya kanisa zima, na wote waliopiga makofi umewafanya wajinga.

Walikuja kumchukua Jumapili moja ambayo mji ulikuwa kimya. Walimletea nguo nyeupe. Wakamfunga tumbo kwa kikwembe, wawili wanavuta huku na wawili huku, mpaka uvimbe ukalala na kiuno kikaonekana. Kiuno! Wakamkalisha kwenye baiskeli na kumsukuma, wanaimba. Mama mukwe aliniacha na uji wangu unapoa, akawafuata.

Alirudi mchana, macho mekundu kwa machozi ya furaha. "Kanisa yote ilisimama," akanielezea mara mbili, mara tatu, kama mimi ni kiziwi. "Wanaume pia! Alisema uvimbe umeyeyuka. Alicheza, unanisikia? Alicheza! Na weye uko hapa umelala tu." Nikageukia ukuta. Nilimwona akicheza ndani ya kichwa changu, na watu wote wa Bunia wamesimama kwa ajili yake, na mimi, kufa kwangu kusingesimamisha hata kuku.

Wamama walimrudisha mwenzangu, apumzike kidogo, walisema, kabla ya kurudi nyumbani. Wakaenda zao, na mama mukwe akatoka kuwasindikiza. Wagonjwa wengine walikuwa nje wanaota jua. Tulibaki sisi wawili. Alikaa pembeni ya kitanda chake bila kusema, akaanza kufungua kile kikwembe alichofungwa tumboni, polepole, mzunguko baada ya mzunguko. Mizunguko ya ndani ilikuwa imelowa. Wa mwisho kabisa ulikuwa mwekundu, na nguo nyeupe chini yake pia, na uvimbe ukarudi mahali pake kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango.

"Usimwambie mutu," akasema.

"Aka! Kwani weye unataka kufa?"

"Nilishasema nimepona. Mbele ya watu wote. Sasa nitasema nini?" Alikuwa anakunja kikwembe kile, damu kwa ndani, maua kwa nje. Kisha akaniambia bila kuniangalia, "Unajua? Mi nakuoneaka wivu."

Nilidhani ananichekesha. "Wivu ya nini? Ya hii tumbo? Ya mama mukwe? Chukua, nakupa bure."

Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso wake bila kicheko, na ulikuwa uso wa mtu mwingine, mzee zaidi. "Weye unaliaka," akasema. "Wanakuuliza uko namna gani, unasema naumwa. Na hakuna mutu anaacha kukupenda juu ya hiyo, maana walishakuona hivyo tangu mwanzo. Mimi nikilia hata siku moja, hiki chumba kitaanguka. Basi ukianza kulia, mi nageukaka ukutani, nasikiliza. Nasema ndani ya roho: lia, dada. Lia na ya kwangu."

Sasa msomaji wangu atadhani moyo wangu uliyeyuka. Haukuyeyuka. Nilitaka kumpiga. Mtu ana dirisha, ana samaki, ana kanisa zima limesimama, bado anakuja kutamani machozi yangu, kitu pekee nilichokuwa nacho! Nilimsaidia kufua ile nguo kabla watu hawajarudi, lakini niliifua kwa hasira, na maji ya beseni yakamrukia.

"Mwambie muganga," nikamwambia.

"Kesho," akasema.

Haikuwa kesho wala kesho kutwa. Muganga alipopita na miwani yake ya uzi, daima kulikuwa na mtu wa kanisa pembeni, na jibu lilikuwa lile lile, niko muzima. Mimi nilijua kikwembe kiko wapi, kimekunjwa chini ya godoro lake. Nikanyamaza, kwa sababu aliniomba.

Ndege ilikuja siku ambayo hakuna aliyeingojea. Wamama walikuwepo, wameleta mandazi na chai kwa ajili ya shukrani, maana kesho yake mwenzangu angerudi nyumbani na uzima wake. Tulisikia injini juu ya mabati, na baada ya muda muganga mzee akaingia karibu anakimbia.

"Nafasi ni moja," akasema. "Wameleta dawa, wanarudi sasa hivi, rubani hataki hata kuzima moteri. Gari iko nje." Akaenda moja kwa moja dirishani. "Zamu ni yako. Niambie ukweli, nakuona umekauka midomo. Damu inatoka?"

"Huyu alishapona, muganga," Mama Pasta akajibu. "Alishuhudia."

"Sikukuuliza weye, mama. Namuuliza mugonjwa."

Wamama walikuwa wameshika mandazi mkononi, hawali. Mwenzangu aliwaangalia, akaanza na wa mlangoni, akaenda mmoja mmoja mpaka Mama Pasta. Walikuwa wanamchekea kwa upendo. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, ulikuwa upendo kweli.

"Niko muzima," akasema. "Mungu iko mukubwa."

Wakapiga makofi. Na mimi nikasikia sauti yangu inatoka.

"Anadanganya! Anatoka damu kuliko mimi! Muganga, angalia chini ya godoro! Mufungue nguo yake uone!"

Watu wakisimulia habari hii husema nilisema kwa wema. Wema gani? Nafasi ile ilikuwa ikinijia mimi, na nilikuwa naitaka kama mtu wa kiu anavyotaka maji. Hata hivyo nilisema, kwa sababu nilikuwa nimechoka na ule uzima wake. Nisingeweza kuusikia tena, hata mara moja. Nilitaka, kwa mara ya kwanza, wote wamwone ni mgonjwa kama mimi.

"Wivu," Mama Pasta akasema, wala hakukasirika, alisikitika. "Tangu zamani huyu binti ana wivu. Sasa hata uzima ya mwenzake inamuuma."

"Nyamaza, weye!" Mama mukwe alitamani ardhi immeze. "Utaniaibisha mpaka lini?"

Nikamwangalia mwenzangu. Nikamwomba kwa macho. Yeye akacheka, kile kicheko chake cha meno yote. "Muache, mama. Iko anaona wivu tu. Itapita."

Wote wakacheka naye. Nilikuwa nimeuonyesha wivu wangu kwa siku nyingi mno, kwa samaki, kwa kikwembe, kwa uso wa kukunja, na sasa ukweli wangu ulikuwa na sura ile ile. Nani angeniamini?

Muganga hakucheka. Alisogea anyanyue shuka, wamama wakafunga ukuta wa vikwembe vya sare mbele yake. "Utamuvua mwanamuke mbele ya watu?" Nje gari lilipiga honi, likapiga tena. Mzee alisimama pale, mkono hewani, kisha akaushusha.

"Mficha maradhi, kilio kitamufichua," akasema. "Haya. Beba huyu."

Wakaninyanyua na godoro langu la sponji. Nilikuwa nalia kwa sauti, kwa maumivu, kwa hofu ya ndege, kwa hasira, sijui. Tulipopita kitanda cha dirishani, wamama wote walikuwa wananitazama mimi na makelele yangu. Ni mimi tu niliyemwona yeye akigeuka ukutani.

Ng'ambo, Uganda, walinipasua, wakatoa kitu ambacho sikutaka kukiangalia. Niliporudi Bunia mji ulikuwa na mashimo mapya na watu wengi hawakuwepo. Mama mukwe alinipokea, akaniwekea chakula, akanikalia kimya, na kwa yeye kukaa kimya nikajua. Mwenzangu hakumaliza hata mwezi, akaniambia. Alikufa kitandani kwake nyumbani. Na kilio chake! Watu walijaa mpaka barabarani. "Hata akikata roho hakulalamika," mama mukwe alisema, na machozi yakimtoka alikuwa bado anamsifu. Hapo, mbele ya sahani ile, wivu wangu wa zamani ulinyanyua kichwa kama nyoka. Hata amekufa, bado alinishinda.

Wengine walianza kusema alinipa nafasi yake. Alijitoa, walisema, kama mama. Wakazifanya habari hizo tamu, wakaziimba. Mimi nakataa. Hakunipa. Alinyimwa, na waliomnyima walikuwa wanampigia makofi.

Jumapili iliyofuata walinitaka nami nishuhudie. Nilipanda mbele, nimeshika kovu langu kwa mkono. Kanisa lilikuwa limejaa. Mama Pasta alikuwa mstari wa kwanza. Nilikuwa nimesikia kwamba alimzika mtoto wake katika mapigano yale nilipokuwa ng'ambo, na kwamba hakuna mtu aliyemwona akilia hata tone. Alinitabasamia. "Uko namna gani, binti?"

Wote walikuwa wanangoja lile jibu. Mikono ilikuwa tayari imeinuliwa kwa makofi.

"Naumwa," nikasema. "Kovu linaniuma. Na mwenzangu wa dirishani aliumwa, mama. Aliumwa sana. Damu ilijaa kikwembe."

Hakuna aliyepiga makofi. Nikaanza kulia pale mbele, bila kujifunika uso, kwa zile sauti ambazo mama mukwe alizifananisha na mbuzi. Nililia tumbo langu lililopasuliwa, na shamba letu, na woga wa ndege, mpaka machozi yangu yakaisha. Nikapumua. Mama Pasta alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mama mukwe alikuja mbele, akanivuta kikwembe taratibu.

"Basi, inatosha. Ulishamaliza, tukae."

"Ya kwangu imeisha, mama," nikamwambia. "Ngojea kidogo. Sasa ni ya mwenzangu."